Patashika Inasubiri Wachezaji

Wanaosema kwamba watu wa Jamhuri ya Shwari wanaishi kwa hofu ni wazushi, na wengi wao hawajafika kwetu hata kwa kupotea njia. Sisi hatuogopi kitu. Tunatetemeka kidogo tu, hasa gari likisimama nje na injini isizimwe, na kutetemeka huko kulikwisha kuelezwa na Waziri wa Hali ya Hewa kwamba kunaletwa na upepo wa kusini. Waziri huyo siku hizi hayupo, lakini maelezo yake bado yanatumika.

Naanza hivyo ili ijulikane mapema kwamba mimi, Kitwana Lugendo, Afisa Mwandamizi wa Ushindwaji katika Wizara ya Burudani, ni raia mwema na nina furaha. Ninachosimulia hapa ni habari za gemu. Gemu tu. Asije mtu akasema nilisimulia jambo jingine.

Gemu yenyewe inaitwa Patashika. Ilitengenezwa na vijana wa chuo cha ufundi, na inachezwa hivi: wapiganaji wanane wanapanda juu ya paa la bati la soko na kuanza kutwangana. Anayesukumwa anaangukia dimbwi la tope chini, na anayebaki juu ndiye mshindi. Kuna Bibi Kinu na mchi wake. Kuna Mama Lishe na upawa wa maharage ya moto. Kuna Fundi Cherehani, Kinyozi, na Mbuzi wa Sikukuu, ambaye hana silaha ila kichwa chake, pamoja na kitufe kimoja cha ziada cha kulia "mee", kisicho na faida yoyote vitani. Na juu ya wote kuna Simba wa Taifa, mwenye miwani na fimbo, ambaye haruhusiwi kuchaguliwa isipokuwa na mtu mmoja.

Naapa ilikuwa tamu. Majirani waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba walitwangana kwenye kibanda cha gemu kutwa nzima, kisha wakarudi nyumbani wameshikana mabega, wanacheka. Ilikuwa na sharti moja tu: haichezeki mpaka watimie wanane. Wakipungua, mlango wa soko haufunguki na kioo kinaandika TUNASUBIRI WACHEZAJI. Siku zile za mwanzo hakuna aliyewahi kuyasoma maneno hayo mpaka mwisho, maana mlango ulikuwa umeshafunguka.

Kisha Mlezi Mkuu wa Taifa akaionja.

Ikulu ilitangaza kwamba Mlezi atakuwa akijumuika na wananchi katika kutwangana, kila siku baada ya chakula cha mchana, ili kudumisha umoja. Siku ya kwanza kabisa kinyozi wa mtaani kwetu, Likwata, alijikuta juu ya bati wamebaki wawili, yeye na Simba. Vidole vya mtu aliyenogewa na gemu havina akili. Likwata akamsukuma Simba topeni, tena akapiga kelele, "Hoi!" Nchi nzima ilisikia, kwa kuwa mchezo ulikuwa unatangazwa redioni.

Kesho yake Likwata aliitwa kupongezwa. Pongezi hizo zinaendelea hadi leo. Mkewe alipokwenda kuulizia aliambiwa asiwe na haraka, sherehe ni ndefu. Baada ya Likwata alipongezwa muuza mitumba, kisha daktari wa meno, kisha mwalimu wa kwaya aliyeshinda kwa bahati mbaya huku analia na kuomba radhi.

Waliobaki wakapata akili. Mlango ukifunguka tu, wote saba walitimua mbio wakajirusha topeni wenyewe, Bibi Kinu mbele na mchi wake nyuma. Mlezi akawa anabaki peke yake juu ya bati, anachapa hewa kwa fimbo. Mwanzoni alifurahi. Baadaye akauliza kwenye kipaza sauti, kwa upole uliotutia baridi, "Kwani mimi nanuka?"

Jioni hiyo hiyo Waziri wa Burudani, Mheshimiwa Kingwande, alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Kumshinda Mlezi ni uhaini. Kushindwa na Mlezi haraka haraka ni hujuma. Kati ya uhaini na hujuma, Serikali yenu sikivu imeacha nafasi pana, inayomtosha kila mpenda amani. Ingieni humo!"

Hapo ndipo ofisi yangu ilipoundwa. Nilifundisha raia kushindwa kwa ustadi: kurusha ngumi kwa hasira ikose kwa kidole, kuponea chupuchupu mara mbili tatu, kisha kuanguka kwa ukelele wa mtu aliyeshangaa. Wanafunzi wangu wote walifaulu. Na kila aliyefaulu alihama. Waandishi walipomuuliza Waziri kwa nini wachezaji wanapungua, alijibu kwamba wachezaji hawajapungua hata mmoja, kilichoongezeka ni nafasi.

Mwisho tulibaki wachache wa kuhesabika. Alikuwepo Mlezi mwenyewe. Alikuwepo Waziri Kingwande, nilikuwepo mimi, na mpishi wa Ikulu. Walikuwepo mapacha wawili wa Usalama ambao sikuwahi kuyajua majina yao na sikuwa na hamu. Alikuwepo jenerali mmoja mstaafu mwenye mtoto wa jicho, aliyekuwa akipigana na bango la soko akidhani ni adui. Wa nane alikuwa mkuu wa posta, mpaka siku alipovuka mpaka wa nchi akiwa ndani ya gunia la barua.

Siku hiyo mlango haukufunguka. TUNASUBIRI WACHEZAJI, kilisema kioo, na safari hii tuliyasoma maneno yote, tukayarudia. Tulimsikia Mlezi akipumua kwenye kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayepuliza chai. Nilikaa nikimsikiliza akipumua mpaka shati likanigandia mgongoni.

Waziri aliniita ofisini kwake.

"Kitwana, kesho saa tisa namtaka wa nane. Asipopatikana, Mlezi atataka kujua nani kamkosesha raha."

"Nani, Mheshimiwa?"

"Wewe, bwana. Mimi ni Waziri."

Nikapita mlango kwa mlango. Mji mzima ulikuwa umefungwa bendeji mikononi. "Nimeungua na uji, mwanangu," alisema bibi mmoja kabla sijasalimia. Mwingine alikuwa ameumwa na nyuki, mwingine amebanwa na kitanda. Seremala jirani yangu, mwenye bendeji mpaka viwiko, alinifungulia mlango, akanivutia kigoda, akanimiminia kahawa bila kumwaga hata tone, kisha akaniambia kwa huzuni kwamba vidole vyake vimekufa. Sikumlaumu. Ningekuwa na bendeji ningejifunga na mimi.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu Zamoyoni barazani, anamsuka mteja. Hapa lazima niseme ukweli kidogo. Zamoyoni ndiye mtu pekee niliye naye. Nimemlea tangu wazazi wetu walipotutoka, na yeye akakua akawa msusi ambaye watu hutoka mitaa ya mbali kumfuata. Husuka huku anatazama barabarani na kusutana na wapita njia, vidole vinajiendea vyenyewe. Katika siku zile njema za Patashika hakuna aliyemweza. Alimchagua Mbuzi wa Sikukuu kila mara, na kila akishinda alibonyeza kile kitufe kisicho na faida: mee! Mlezi alipoanza kucheza nilimficha pedi ya kuchezea, nikawaambia wizarani kwamba mdogo wangu ana baridi yabisi.

"Kaka, uso umekusinyaa kama ndimu ya juzi," alisema. "Wamemkosa wa nane?"

"Suka nywele za watu."

"Nitacheza mimi."

"Hutacheza. Wewe hujui kushindwa."

"Si unifundishe? Ndiyo kazi inayotulisha hiyo."

Nilikataa, nikafoka, nikaapa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kesho saa tisa nikienda bila mtu nitarudi saa ngapi. Nikaitoa pedi mvunguni.

Nilimfundisha usiku kucha, kwenye uwanja wa mazoezi wa gemu, ambao haudai wanane. Alianza vizuri kila mara, akaponea chupuchupu, akayumba, na pale pale pa kuanguka vidole vikaruka na kunitupa mimi topeni. "Samahani, kaka, vimeteleza." Mara ya mwisho nilikaribia kulia, na yeye akacheka.

"Unaogopa nini wewe? Yule ni wa Mlimani, sisi wa Bondeni. Mtani wangu yule!"

Ni kweli. Zamani za mababu, watu wa Mlimani na watu wa Bondeni walipigana vita mpaka wakasahau sababu, wakaona haya, wakala kiapo. Tangu hapo ni watani. Mtani atakutukana hadharani, atabeba kuku wako mchana kweupe, na hata msibani atamwigiza marehemu anavyokohoa na kuishika sanda mpaka apewe chochote. Na wewe huna ruhusa ya kununa. Mtani hakasiriki. Anayekasirika amejivua utu. Hilo kwetu analijua hata mtoto wa kunyonya. Lakini tangu Mlezi aapishwe hakuna aliyethubutu kumtania, na sikutaka wa kwanza awe ni Zamoyoni.

Saa tisa tulikuwa tumeketi pamoja ukumbini, wizarani, mabega yakigusana. Mlango wa soko ukafunguka. Mwanzo alicheza kama nilivyomfundisha. Mapacha wakaanguka pamoja. Mpishi akaanguka. Waziri akaanguka kwa ule ukelele wake uliowahi kupewa nishani. Jenerali alitumbukia akiwa ameng'ang'ania bango. Nami, muda wangu ulipotimia, nikashindwa kwa ustadi. Juu ya bati wakabaki Simba na Mbuzi.

"Anguka sasa," nilimnong'oneza.

"Naanguka, kaka."

Simba alirusha fimbo. Ukweli ni kwamba Mlezi hajui kucheza. Fimbo ilipita mbali, na Mbuzi, badala ya kuifuata ilipo ili apigwe, akakwepa. Mazoea.

"Mbuzi gani huyu?" sauti ya Mlezi ikauliza.

Nilinyoosha mkono kuziba kipaza sauti, nikachelewa.

"Mbuzi wa Bondeni, babu!" alisema Zamoyoni. "Mlitubebea mbuzi wetu wote ninyi wa Mlimani. Huyu mmoja amerudi kuulizia wenzake!"

"Nani huyo anayesema?"

"Mtani wako. Simama vizuri nikuzike. Sanda yako usiisumbukie, nimeshaishonea mapazia."

Kisha kichwa. Simba aliruka, miwani huku, fimbo kule, na tope likarukia kioo kizima.

Mee!

Waziri aliingia chini ya meza. Jenerali aliuliza nani kashinda. Mimi nilikuwa nimekishika kiganja cha mdogo wangu na nilihisi kwamba sasa na yeye anatetemeka. Akakisogelea kipaza sauti, akasema kwa sauti ndogo, kama anayebisha hodi, "Mtani hakasiriki."

Halafu tukasikia kitu kama pampu ya maji inayowaka baada ya miaka. Mlezi alikuwa anacheka.

"Mtani!" alisema. "Mwizi wa mbuzi we! Tangu mama yangu afariki hakuna aliyenitania. Hakuna! Tena! Tucheze tena!"

Wakacheza mpaka jua likaanza kushuka. Alishindwa, akatukanwa, akatukana, akashindwa tena, na kila akitoka topeni alikuwa na furaha ya mtoto aliyerudi kucheza mvuani. Waziri alitoka chini ya meza, akajipangusa magoti, akasema alikuwa anatafuta kalamu.

Asubuhi ikatangazwa sheria. "Kuanzia leo," Waziri alisoma, "kila raia, awe wa Mlimani, wa Bondeni au wa popote, ni mtani wa Mlezi. Kukasirika ni marufuku kwa pande zote mbili."

Bendeji zikafunguliwa. Pedi zikafukuliwa mashambani. Mkuu wa posta alirudi nchini, safari hii ameketi kwenye kiti kama binadamu. Vibanda vilijaa, watu walimsukuma Simba topeni huku wakimuuliza miwani yake aliinunua gulio gani, na Mlezi akawajibu kwa matusi yaliyokolea. Mlango wa soko ulikuwa unafunguka kabla maneno hayajatokea. Nililala usingizi mzito, nikanenepa shavu. Nilikuwa na furaha ya kweli, na nilikuwa mpumbavu, kwa sababu yale maneno ya mwisho ya sheria sikuyasikiliza.

Gari lilikuja mchana, Zamoyoni akiwa barazani na kichwa cha mteja mapajani. Walishuka maofisa wawili wanacheka. Mmoja alikuwa amevaa sufuria kichwani.

"Mtani! Tumekuja kukuiba! Mlezi anasema leo ni zamu yake!"

Majirani wakacheka. Zamoyoni naye akacheka, akawaambia wamvute taratibu, kanga ni mpya. Nami nilicheka, kwa kuwa nilidhani watamzungusha na kumshusha pale konani, kama watani wanavyofanya. Kitana chake kilibaki kimechomekwa kichwani mwa mteja. Gari likafika konani, likapinda.

Nilikimbia wizarani kwa miguu.

"Mheshimiwa, wamemchukua Zamoyoni."

"Wamemchukua kwa utani," alisema Waziri. Aliinua macho, akanitazama vizuri. "Umekasirika?"

Nikaliona shimo nililosimama ukingoni mwake. Nikisema ndiyo, nimevunja sheria. Nikisema hapana, sina lalamiko.

"Sijakasirika, Mheshimiwa. Nauliza tu atarudi lini. Watani jua likizama hugawana chakula, kila mtu akaenda kwao."

"Huo ni utani wa kienyeji. Huu ni wa Serikali."

"Lakini..."

"Mbona hucheki, Kitwana?"

Nikacheka.

"Meno," alisema. "Nayataka meno."

Nikamwonyesha meno. Niliporudi nyumbani nilikaa barazani nikiwa na kitana chake mkononi, na kila jirani aliyepita alinionyesha meno yake, nami nikamwonyesha yangu. Juma lile ilibebwa kwa utani familia ya mkuu wa posta, naye mwenyewe, kisha seremala, kisha wale vijana wa chuo cha ufundi waliokuwa wameitengeneza gemu. Hakuna aliyewalilia, maana kulia ni kukasirika. Bendeji zikarudi. Vibanda vikafungwa. Siku moja saa tisa tukakaa tena ukumbini, sisi wale wale wachache, na Mlezi akawa anapumua tena kwenye kipaza sauti.

TUNASUBIRI WACHEZAJI.

"Msiwe na wasiwasi," alisema Waziri. Alikuwa anatabasamu. "Wizara imelitatua tatizo la wachezaji, tena kwa kudumu. Tazameni."

Pembeni mwa kioo jina likawaka. Likwata. Nilidhani macho yangu yameharibika. Likafuata la muuza mitumba, la daktari wa meno, la mwalimu wa kwaya, la Waziri wa Hali ya Hewa. Yaliwaka mengi kuliko nafasi, yakapanga foleni hadi chini ya kioo, majina ya watu ambao wake zao walikuwa wameacha kuulizia. Waziri alieleza kwamba wote wako mahali pamoja, pazuri, penye umeme, na kwa kuwa hawana kazi nyingine wala pa kwenda, watapatikana saa zote. Vipaza sauti vyao vimezimwa ili wasisumbuliwe. Aliagiza sisi wa ukumbini tutazame tu raundi ya kwanza, hao wapya wacheze na Mlezi.

Nilikuwa natafuta jina moja. Niliyapitia yote kutoka juu, nikarudi juu. Halafu likawaka. Zamoyoni. Na juu ya bati akasimama Mbuzi wa Sikukuu.

Yuko hai, nilijiambia. Mdogo wangu yuko hai. Nilitaka kuinuka na kupiga kelele, na sikuinuka.

Mlango ukafunguka. Walipigana, wakaanguka mmoja mmoja, kila mmoja kwa muda unaofaa. Wakabaki Simba na Mbuzi. Simba akarusha fimbo, ikaenda pembeni kama kawaida yake, na Mbuzi akaifuata ilipo, akapigwa. Akaponea chupuchupu mara mbili. Akainua kichwa kwa hasira, akakosa kwa kidole. Akayumba. Vidole vile ambavyo havikuwahi kuteleza upande wa kushindwa havikukosea hata mara moja. Kisha akaanguka, kwa ustadi, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe barazani, na tope likamfunika.

"Siku hizi ana adabu mdogo wako," ilisema sauti ya Mlezi. Haikuwa na furaha. "Umekasirika, Kitwana?"

"Hapana, Mheshimiwa Mlezi."

Hapo, kutoka ndani ya tope, ikasikika: mee.

Mara moja tu, ndogo. Kile kitufe kisicho na faida. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama.

"Anasema nini huyo mbuzi?" Mlezi akauliza.

Nilikuwa najua anachosema. Nilimjua tangu hajaweza kutamka jina langu, akiniita kwa kulia tu kutoka chumba cha pili, nami nikienda. Nilizishika pande za kiti ili mikono yangu isionekane.

"Anacheka, Mheshimiwa Mlezi."

"Na wewe?"

Nikaonyesha meno.

Mlezi alipumua, taratibu, muda mrefu. "Tena," akasema. Na mlango wa soko ukafunguka palepale. Siku hizi hatusubiri wachezaji.